Kuliwasha Gari Mpaka Mama Atoke Eda

Jumamosi, 17 Agosti 2024

Daftari hili lilikuwa la Kemia. Kemia itasubiri.

Baba mdogo Majidi kaja asubuhi kuhusu gari la Baba. Amepata mtu wa Nzega anayelitaka, alichinje kwa spea. Baba mdogo alikaa kibarazani, Mama ndani, pazia katikati. Mama yuko eda tangu Baba afariki mwezi wa sita – miezi minne na siku kumi, havuki geti. Anatoka Ijumaa, tarehe 11 Oktoba. Kaizungushia duara kwenye kalenda ya msikiti.

"Shemeji, hili ni haibridi," baba mdogo akasema. "Likisimama muda mrefu betri yake kubwa inakufa. Ikifa, umebaki na banda la kuku."

Mama akajibu: "Siku ninayotoka, safari yangu ya kwanza ni Goweko, kwa mama mkwe. Hajaniona tangu mwanawe azikwe. Nitakwenda na gari hili hili. Likiwaka siku hiyo, linabaki. Lisipowaka, mlete mtu wako, sitasema neno."

"Na nani ataliwasha mpaka siku hiyo? Wewe hutoki."

"Shamila."

Nilikuwa nyuma ya mlango na trei ya chai. Darasani nikiitwa jina huwa naangalia chini. Hapo pia niliangalia chini.

Jumanne, 20 Agosti

Fundi Mathias kasema nusu saa, kila siku ya tatu. Nikitoka shule naingia, nakanyaga breki, nabonyeza. Neno READY linawaka kijani. Hakuna mlio. Ndiyo maana watoto wa hapa Ipuli wanaliita gari la jini. Baba alikuwa anawaambia jini lenyewe linakula asali, na kweli humo ndimo alimobebea ndoo zake za asali kutoka Goweko.

Kila likiwaka, mwanamke wa Kijapani anasema maneno kwenye spika. Hakuna anayejua anasema nini. Baba alimjibu kila asubuhi: "Marahaba, mama." Huenda ni salamu, alisema, na salamu haiachwi hewani.

Leo amesema. Sikujibu. Baadaye injini ikaamka yenyewe, ikatetema, ikalala. Nikafanya zoezi la Baiolojia. Nusu saa.

Wiki iliyopita mwalimu wa Kiingereza alitupa insha, mtu unayemkumbuka. Niliandika ukurasa na nusu kuhusu Baba. Kumi na nane kati ya ishirini. Kwa Kiswahili sijaweza hata sentensi moja. Na sijalia. Nimeona watu wanavyonitazama.

Alhamisi, 5 Septemba

Hili halijui mtu.

Baada ya arobaini nguo za Baba ziligawiwa. Kanzu kwa wajomba, viatu msikitini. Koti lake la kaki, la safari, Mama alisema apewe Fikiri wa Goweko aliyekuwa anarina asali naye miaka yote. Lilipotafutwa halikuonekana. Shangazi Hafsa akasema, msibani watu wengine huja na mikono mirefu. Wote wakakubali. Na mimi nikakubali.

Nimelisokomeza garini, kiti cha nyuma, ubavuni karibu na mlango. Linanuka moshi na nta. Nikiwasha gari nageuka kuangalia kama lipo. Lipo. Basi.

Jumapili, 15 Septemba

Limewaka. Joto. Hakuna cha kuandika.

Jumapili, 29 Septemba

Jumapili Mathias akitoka kanisani hulizungusha mpaka stesheni, matairi yasikae mahali pamoja. Leo kaenda mbali zaidi, kulijaribu. Kalirudisha feni ya nyuma inalia kama blenda iliyotiwa kokoto. Pembetatu nyekundu kwenye dashibodi.

Mama dirishani: "Shamila, muulize fundi ni nini hicho."

Fundi alikuwa hatua tatu kutoka dirishani. Lakini utaratibu wa eda ni utaratibu.

"Fundi, Mama anauliza ni nini."

"Mwambie namwangalia mgonjwa."

"Mama, anasema anamwangalia mgonjwa."

"Nimesikia."

Akafungua mlango wa nyuma. Ubavuni mwa kiti kuna tundu lenye wavu, sikuwahi kuliona. Koti lilikuwa limenyonywa juu yake. Akalivuta. Wavu umejaa nyuzi za kaki.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "betri iko hapa nyuma. Hii ndiyo pua yake. Umeiziba tangu lini?"

Akaitazama kola, akanitazama mimi. Koti alilijua. Akalikunja, akanipa.

"Fundi anasema nini?"

"Anasema vumbi, Mama."

Mathias akakohoa. "Vumbi, mama. La hukuhuku kwetu."

Akasugua feni kwa mswaki. Akachomeka kifaa chake, akasoma kwenye simu muda mrefu, kisha akaninong'oneza. Seli mbili zimeungua, zilizobaki zinazibeba. "Kufika Goweko linaweza kufika. Kurudi siahidi."

Nimeliwasha wiki zote hizi lisife, na pua nimeliziba mwenyewe.

Jumatano, 2 Oktoba

Koti liko chini ya godoro. Limeanza kunuka mimi.

Pembetatu ilizimika jana, leo imerudi. Mtu wa Nzega atakuwepo Ijumaa ile tangu asubuhi. Mama kaipiga pasi kanga ya kutokea, kaikunja, kaikunjua, kaipiga tena. Nina mambo mawili ya kumwambia, koti na seli. Sijasema hata moja.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika garini. Tumesimama nje ya mji, milango yote wazi.

Mama katoka saa tatu. Alisimama getini akaitazama barabara kama anahesabu nyumba, kisha akaingia nyuma. Baba mdogo na mtu wa Nzega wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Nikabonyeza. Taa zikawaka, READY hakuna.

"Si nilisema," baba mdogo.

Mathias akainama dirishani. "Binti. Breki."

Mguu wangu ulikuwa hewani. Nikakanyaga, nikabonyeza tena. READY. Yule mwanamke akasema yake.

"Marahaba, mama," Mama akajibu kutoka kiti cha nyuma.

Mtu wa Nzega akauliza kama huyu shemeji anajua Kijapani. Baba mdogo akasema, kajifunza edani.

Nikampisha Mathias, akashika usukani. Hatujafika mbali, pembetatu. Kisha feni. Akasimama pembeni.

"Vumbi tena?" Mama akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Mathias alikuwa anaangalia nje.

"Si vumbi, Mama. Ni mimi." Nikafungua mkoba, nikampa koti. Nikamweleza yote – wavu, nyuzi, seli mbili. Sauti ilitoka kama nasoma insha.

Mama akapapasa mifuko. Akatoa kibonge cha nta, akakinusa, akakirudisha.

"Fikiri anatungoja Goweko," akasema. "Utampa kwa mkono wako. Na utamwambia lilikuwa wapi."

Mimi, ninayezunguka nyumba tatu nisikutane na mtu wa kumwamkia. "Ndiyo, Mama."

Kisha akalivaa. Juu ya kanga mpya, katika jua la Oktoba.

Mathias kasema dakika kumi zaidi bila READY, feni izunguke, lipoe. Simu ya Mama inatetema, baba mdogo, mara ya tatu. Haipokei. Ameweka kiganja mbele ya lile tundu, hakigusi wavu. Mkono wa koti umemzidi urefu, unateleza, anaukunja, unateleza tena, anaukunja.

"Inavuta," anasema.

Mathias ananiambia nihamie kwenye usukani, nibonyeze mimi, ndimi niliyezoeana nalo. Nimehamia. Mguu uko kwenye breki.