Mkwe Wangu, Mbuzi na Bata

Kasulu,
Jumapili jioni.

Mdogo wangu mpendwa Siti,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani kwako hapo Mabamba, na kwamba goti lako limepunguza ukorofi. Shemeji hajambo? Maharage mmewahi kuyavuna, au mvua imewatangulia? Mimi ni mzima wa afya, ila vidole gumba vinaniuma. Sababu utaijua ukisoma kwa utulivu, usirukeruke mistari kama kawaida yako.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Simu yako, Siti, huipokei bila kuweka spika, na nyumba nzima inachangia maoni. Haya ni ya macho yako tu. Jifungie chumbani kwanza, halafu uendelee.

Unakumbuka nilivyoondoka Kibondo. Tulikubaliana nije kumchukua mwanangu Zuhra, kaka zetu wafuate kudai talaka yake, kisha yule Saady wako, aliyefiwa na mke na anayetafuta wa kumzalia, alete posa. Niliona tuna haki. Tangu mkwe wangu Ridhiwani alipotamka mwenyewe mbele ya wazee kwamba kukosa mtoto ni kasoro yake, nilisema mwanangu hawezi kuzeeka bure akimtazama fundi redio. Lakini nikuambie kweli, lililonichoma zaidi ni dharau. Miaka yote hii hajawahi kunitazama usoni. Nikiingia, yeye anatoka. Nikimsalimu, anaijibu sakafu. Nikasema hayo ndiyo majivuno ya watu wenye asili ya Tanga, wanatuona sisi wa bara washamba.

Nilipofika, Zuhra hayupo. Amekwenda Kigoma mjini kusahihisha mitihani ya darasa la saba, na huko hawaruhusiwi simu. Nikaamua kumsubiri. Basi tukabaki nyumba moja, mimi na mkwe, bila mtu wa katikati. Aibu gani hiyo! Chakula naweka mezani, nakohoa, natoka uani ndipo yeye aje kula. Siku moja chumvi ilikwisha, na wote wawili tukala mboga ya maji bila chumvi kwa sababu hakuna wa kumwambia mwenzake.

Sasa sikiliza. Chumba cha mbele cha nyumba ndiyo karakana yake. Kuna Mkongo mmoja wa kambi ya Nyarugusu, anaitwa Eugène, muuza chaja na betri, aliyekuwa ameleta mashine ya gemu ya zamani itengenezwe, zile za kuchomeka kaseti na kuunganisha na televisheni. Gemu yenyewe ni ya wale katuni maarufu, mbuzi mwenye miwani na bata mwenye gauni. Unawajua, wamechorwa kwenye begi la shule la mjukuu wako. Wanakimbia, wanapanda ngazi, wanaruka mashimo na kuokota mahindi. Penye ukuta, bata ampande mbuzi mgongoni. Penye maji, bata ndiye wa kumbeba mbuzi. Mmoja akibaki nyuma, wote hawavuki.

Eugène alikuja kuijaribu, wakawa wanacheza yeye na Ridhiwani, mimi napita zangu na ndoo. Simu ya Eugène ikalia. Akanitia mkononi kile kidude cha kubonyeza, akaniambia, "Mama, shika hii manette, bata asikufe, nakuya sasa hivi." Akatoka, na hatukumwona mpaka kesho yake, alipokuja kutuachia mashine kwa siku chache.

Ningefanya nini? Bata amesimama ukingoni, nyuki wanakuja. Nikabonyeza, akaruka, akatumbukia. Akarudishwa, nikamtumbukiza tena. Ridhiwani hakugeuza shingo. Akiitazama televisheni, kwa adabu kama anayezungumza na kadhi, alisema kwamba bata angengoja kidogo ngazi ishuke. Hakuniambia mimi, alimwambia bata! Nami nikaikazia macho televisheni, nikasema mbuzi naye aache papara, mwenzake mgeni.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzungumza. Kila baada ya swala ya alasiri yeye anawasha, mimi nakaa upande wangu wa mkeka, wote tunatazama mbele. Mbuzi aliuliza kama bata amelala vizuri, maana kitanda cha wageni kina ubao uliovunjika. Bata akajibu kitanda si kibaya, ila mbuzi anakula kama mgonjwa, au dagaa hawapendi? Mbuzi akasema dagaa ni watamu kupita kiasi, anaogopa kuonekana mlafi ukweni. Nilicheka mpaka nyuki wakamuua bata.

Ni mbuzi huyo huyo aliyenieleza kwamba kwao, mkwe humbusu mkono mama mkwe na kutaniana naye. Lakini kabla ya harusi Zuhra alimwambia kwamba sisi Waha mkwe hamtazami mama mkwe, hali naye, wala hamtaji jina. Kwa hofu ya kukosea akayashika yote, hata yale ambayo wenyewe tulishayaacha. Mkwe wako wewe anakula nawe sinia moja, Siti! Mtoto wa watu anajibanza kwa heshima, mimi nahesabu dharau. Niliona haya mpaka masikioni.

Hata hivyo, nia yangu ya kumchukua Zuhra ilikuwa pale pale. Heshima ni heshima, na mtoto ni mtoto. Alhamisi, kwa mdomo wa bata, nilimuuliza mbuzi kwa nini anamng'ang'ania binti wa mwenzake wakati anajua hana cha kumpa. Ridhiwani akaacha kubonyeza. Mbuzi akatumbukia, na yeye akaweka kile kidude chini. Akasema, "Mama." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita.

Akaniambia kwamba mwaka ule mimba ya Zuhra ilipotoka, mimi nikiwa kitandani na mguu uliovunjika, hatukuambiwa lote. Damu ilikataa kukatika. Madaktari hawakuwa na njia nyingine ya kumwokoa, wakamtoa kizazi. Kasoro si ya Ridhiwani, mdogo wangu. Yeye hana kasoro yoyote. Zuhra alipozinduka alimwomba amwache upesi, kabla watu hawajajua. Akamjibu kwamba watu watajua jambo moja tu, nalo atalisema yeye. Ndipo akasimama mbele ya wazee wa kwao na wa kwetu akajivua nguo namna ile, ili ndugu zake wasimletee habari ya mke wa pili, na sisi tusimnyooshee Zuhra kidole.

Nililia, Siti, na sikujificha. Niligeuka nikamtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Mkwe wangu wa miaka yote hii, nami sikulijua.

Kwa hiyo kaka zetu wasije. Waambie nimebadili nia, wanikasirikie mimi. Saady atafute kwingine. Hebu fikiri tungempeleka Zuhra kwa mtu anayetaka kuzaliwa watoto! Na kuhusu kasoro, usibadilishe hata neno. Waache waendelee kumsema Ridhiwani. Hilo ndilo linalonikata maini, kwamba nitakaa kwenye shughuli nisikie wakimcheka, ninyamaze, na wewe ninakuomba unyamaze pamoja nami. Ndivyo alivyoniomba yeye.

Zuhra alirudi jana. Aliponikuta nimeketi na mumewe chumba kimoja, alisimama mlangoni na begi mkononi, akatutazama, akajua kwamba najua. Sikumuuliza kitu. Nilichemsha maji, nikampikia uji wa pilipili manga, nikamlaza, nikamkanda tumbo na kiuno kwa taulo la moto kama anavyokandwa mzazi, kwa sababu mwaka ule hakuna aliyemkanda. Kisha akasema, "Mama, maji yamepoa, ongeza ya moto."

Nitakaa hapa mpaka arobaini yake itimie. Watu wakiuliza, sema dada yako anamuuguza mtu. Msalimie shemeji na wajukuu, na hii barua, ukimaliza, itie motoni. Mungu akulinde.

Mimi dada yako akupendaye,
Zaitun