Fedha za Kwenye Boksi la Kofia

Jumatatu, 3 Machi
Hollis, afisa usalama wa jengo la serikali ninakofanya kazi, kaniita ofisini na kufunga mlango. Kibali changu cha usalama kinachunguzwa upya. Bila kibali siingii getini, na nisipoingia getini sina kazi. Sababu? Deni la kadi ya mkopo, dola elfu kumi na tisa, miezi sita sijalipa hata senti. Ni lile jiko la kuchomea mbavu, la kukokotwa na gari, nililolinunua kwa kadi hiyo! Nilitaka kuuza mbavu kila Jumamosi. Jumamosi kumi na moja mfululizo ikanyesha mvua.

Hollis anasema mwenye madeni hununulika na maadui. Nikamwambia mimi fundi viyoyozi, siri pekee ninayoijua ni kwamba feni ya ghorofa ya tatu inapiga kelele.

"Hata hiyo usiiseme nje, Lamont." Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemweleza mke wangu, Renita. Alipanga vikombe kabatini, akavitoa, akavipanga tena. Mchana kaomba ruhusa kazini, kaenda kwa daktari wa meno.

Jiko nimelitangaza mtandaoni. Mtu mmoja kanipa bei: dola mia nne na mbuzi.

Jumamosi, 8 Machi
Siamini! Mama Odessa, mama mkwe wangu tunayeishi naye, kaniita chumbani. Kafungua boksi lake la kofia za kanisani. Noti tupu! Elfu kumi na tisa na ushee.

Kumbe kila Alhamisi, yeye na akina mama wenzake wakisema wanakwenda kutembelea wagonjwa, basi linaipita hospitali bila hata kupunguza mwendo. Linakwenda kasino. Juzi mashine ya kamari imemwaga pesa.

"Chukua ulipe, mwanangu. Ila mchungaji akijua, nitahama kanisa. Kwa umri huu nihamie wapi?"

Nimemwapia. Nimelia pia, wala sioni haya kuandika.

Jumanne, 11 Machi
Nimelipa deni lote jana. Leo nimempelekea Hollis risiti, natembea kifua mbele. Rangi ikamtoka. Anataka kujua nani kanipa taslimu yote ile ndani ya wiki. Nikasema ndugu. Ndugu yupi? Nimeapa — nikanyamaza.

"Juzi ulikuwa mtu anayeweza kununuliwa," akasema. "Leo unafanana na aliyekwisha nunuliwa."

Basi kumbe deni lilikuwa na nafuu yake.

Jumatano, 19 Machi
Mpelelezi, Bi. Pruitt, anapita kwa majirani. Dewey wa nyumba ya pili kaja kuniambia kaulizwa kama napokea wageni wasioeleweka. Kamtajia yule wa mbuzi, aliyekuja kulitazama jiko. Ahsante sana, Dewey.

Mama Odessa kasikia. Kasema liwalo na liwe, nimtaje. Nimeandika maelezo na kusaini: fedha ni za mama mkwe, kashinda kasino tarehe 6. Renita kavunja kikombe.

Alhamisi, 27 Machi
Naandikia chooni, nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Bi. Pruitt yuko sebuleni na kahawa yake.

Mama Odessa kavaa kofia ya zambarau, kasema kila kitu bila kuyumba: mashine, basi, hata wagonjwa ambao hajawaona tangu Krismasi. Bi. Pruitt kamsikiliza mpaka mwisho. Halafu katoa karatasi mkobani.

"Mama, kasino hawana ushindi wowote kwa jina lako siku hiyo. Wanao kwa jina la Renita Teague."

Daktari wa meno! Nikamtazama Renita. Anaangalia zulia. Mama yake ndiye aliyelia. Alitaka aibu iwe yake, si ya mwanawe.

"Bwana Teague, ulijua?"

Nikaomba kwenda msalani.

Nikisema nilijua, basi nimesaini uongo. Nikisema sikujua, nani atamkabidhi siri za nchi mwanamume asiyejua za nyumbani kwake? Hili la pili ndilo la kweli, na linaniuma kuliko kazi.

Mlango unagongwa taratibu. Ni Renita. Ananong'ona kwenye tundu la ufunguo.

"Lamont, usimwambie kwamba ni mara ya kwanza. Ana karatasi nyingine."

Nimevuta maji, nipate dakika moja. Namsikia Bi. Pruitt anauliza kama niko salama. Nimevuta tena.