Nakimbia, Simkimbii Mtu

Nyumbani, ghorofa ya pili,
mlango wa mkono wa kushoto.
Jumapili alasiri.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, za moto kama chai iliyopo hapa mezani. U hali gani huko uliko? Kifua chako kile kinachokusumbua kila baridi ikiingia, kimetulia? Na kazi ya kufua mashuka pale hotelini inakwendaje? Yule msimamizi wenu mwenye kununa, natumaini ameshahamishwa au ameshajifunza kucheka.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama ndilo linaloleta ubishi, hasa kwenye ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Shemeji yako yuko salama na kufuli zake.

Ujumbe wako umenifikia. Umeandika, "Dada, nimesikia umemkimbia shemeji. Usirudi nyuma. Njoo kwangu, chumba ni kidogo lakini kitatutosha wawili." Niliusoma nimesimama jikoni na kijiko mkononi. Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, hadi Mama akauliza kama kuna kitu kinaungua. Nilicheka kwa sababu habari uliyopewa si ya kweli. Nililia kwa sababu hukuniuliza nani ana makosa, wewe ulinipa nafasi kwanza.

Sasa kaa chini nikueleze. Sijamkimbia mtu, mdogo wangu. Nakimbia tu. Kati ya kukimbia na kumkimbia kuna "m" moja iliyozidi, na hiyo "m" ilitaka kunivunjia nyumba. Jana imenifikisha mbele ya kikao cha familia, wakitaka niache kabisa kukimbia. Nimeona nikuandikie barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kila neno la pili.

Unaijua kazi yangu. Kutwa nzima nimekaa kwenye stuli nyuma ya duka la miwani, nasaga kingo za vioo hadi vikubali kukaa kwenye fremu. Kuanzia asubuhi hadi jioni macho yangu yanatazama kitu kilicho chini ya pua. Mwaka jana nikaanza kuona kama dunia nzima ina upana wa kiganja. Basi asubuhi moja nikavaa raba za zamani, nikashuka ngazi, nikakimbia hadi mwisho wa barabara ya stesheni, pale nyumba zinapoisha na reli inanyooka hadi inapotea. Nikasimama nikitweta, nikatazama mbali mpaka macho yakashiba. Tangu siku hiyo sijaacha.

Usidhani nina mbio za kutisha. Lori la taka hunipita, likasimama kupakia, nikalipita, likanipita tena. Dereva wake na mimi tunasalimiana sasa kama wafanyakazi wa ofisi moja. Lakini mimi ni mkimbiaji, na ninalisema bila kuona haya. Sikimbii ili nipungue, wala daktari hakuniambia. Nakimbia kwa sababu napenda, na nikimaliza najiona mtu mzima aliyekamilika kabla hata sijanawa uso.

Shida ni watu. Mlinzi wa benki ya kona, siku ya kwanza aliponiona, aliinuka kwenye kiti na kutazama nyuma yangu. "Dada, nani anakufukuza?" Nikamwambia hakuna. Akaja naye mbio hatua kadhaa na kirungu chake, akidhani naficha. Siku hizi ananipigia saluti, lakini bado hutupa jicho nyuma yangu, kwa usalama.

Kazini nako, Mama Risiti, yule wa kaunta ya malipo, ameamua kwamba naumwa na sitaki kusema. Kila nikipungua kidogo mashavuni ananisukumia kiti na kuninong'oneza, "Mwenzangu, ukitaka kuzungumza, mimi ni kaburi." Kaburi gani, na duka zima lishaniombea dua? Nimemweleza mpaka nimechoka. Ananiitikia kwa huruma, ile huruma ya kumkubalia mgonjwa kila anachosema.

Mama yeye alikuwa na methali zake. Nikifunga kamba za raba, utasikia kutoka chumbani, "Mwenda pole hajikwai." Nikirudi, "Haraka haraka haina baraka." Siku moja nikamuuliza kama kuna methali hata moja inayomtetea mkimbiaji. Akafikiri, akasema ipo lakini ameisahau.

Haya yote nilikuwa nayabeba. Kilichoharibu mambo ni simu ya Shangazi. Unamjua, hupiga simu kabla jua halijaamua kama litatoka. Mimi nilikuwa barabarani, simu ikapokelewa na shemeji yako akiwa bado na usingizi. Mazungumzo yao nimesimuliwa na wote wawili, na hawatofautiani hata neno.

"Mkeo yuko wapi?"

"Amekimbia, Shangazi."

"Amekimbia? Tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

"Na wewe unafanya nini?"

"Nimelala."

"Hukumzuia?"

"Nimzuie vipi? Ameshazoea."

"Atarudi?"

"Akichoka atarudi."

Shangazi akakata simu. Mpaka narudi na kuvua raba, mjomba alikuwa na habari, majirani zake walikuwa na habari, na wewe huko mbali ulikuwa umeshaanza kunipangia pa kulala. Nilipompigia Shangazi kumweleza, alinisikiliza, kisha akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Huyo ndiye shangazi yetu.

Habari ilipofika sokoni, kwenye duka la shemeji yako, ikapata miguu mingine. Mtu aliye fundi wa kufuli, akisemwa kuwa mkewe amekimbia, hapati raha. Wateja wakawa wanamwambia, "Fundi, unatufungia milango yetu, wako umeuacha wazi?" Siku ya kwanza alicheka nao. Siku iliyofuata akarudi nyumbani amefunga uso. Akala, akaniambia, "Huwezi kutembea tu? Ukitembea, hakuna atakayesema umenitembea."

Nilicheka, kwa kweli. Yeye hakucheka. Hapo nikajua maji yamezidi unga. Mume wangu si mtu mbaya, unamjua, lakini jina lake ndilo duka lake, na nilikuwa nalipunguza kila asubuhi bila kukusudia.

Basi Shangazi akaitisha kikao, jana, hapa hapa sebuleni: yeye, Mjomba, Mama na sisi wawili. Nilijua kabisa wanachotaka: niahidi mbele yao kwamba sitakimbia tena. Nikikataa, mume wangu ataonekana hana kauli nyumbani kwake. Nikikubali, nitarudi kuishi kwenye upana wa kiganja. Nilikuwa nimeshapiga moyo konde kwamba sikubali.

Kuna jambo jingine lililoingia sebuleni nasi, na nitalisema wazi kwa sababu linakuhusu. Ulipoachana na yule mumeo ukaenda zako mbali, watu wa kwetu hawakusema uliondoka. Walisema ulikimbia. Tangu hapo neno hilo likawa kidonda humu ndani. Mama akilisikia, huinuka na kwenda jikoni, akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hajakutaja mbele ya watu miaka yote hii. Ndiyo maana mtu akisema nakimbia, kwao hilo si neno la raba na barabara.

Shangazi alifungua kikao kwa sauti ya upole, ile ambayo tangu utotoni ilitufanya tujifiche. "Hatuna ugomvi na mazoezi," akasema. "Ruka kamba chumbani, nani atakukataza? Ugomvi wetu ni jina. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, mwanangu. Mwanamke mwenye mume na heshima zake, kila asubuhi anakimbia, anakimbia nini?"

"Sikimbii kitu, Shangazi," nikasema. "Nakimbia kwenda kutazama mbali, kisha narudi kupika chai. Hamjawahi kukuta nyumba hii haina chai."

"Watu hawaoni chai. Wanaona miguu."

Akamgeukia shemeji yako. "Na wewe baba, huna la kusema?"

Shemeji yako akakohoa. Nilimtazama, na sitaki kukuficha, niliogopa. Akasema, "Wananitania, ni kweli, na inaniuma. Lakini tangu aanze hizi mbio hajanigombeza hata mara moja kabla ya chai. Mkimkataza, mje mkae naye nyie." Mjomba akageuza uso dirishani ili acheke. Mimi ningeweza kumkumbatia mume wangu pale pale mbele yao.

Lakini Shangazi hakuja kushindwa. Akakunja khanga yake magotini, akasema, "Sawa, chekeni. Mimi nasema tu kwamba ukoo huu tayari una mmoja aliyekimbia. Hatutaki wa pili."

Mama akaanza kuinuka, nikajua anakwenda jikoni. Akashika mgongo wa kiti, akasimama, akabaki hapo hapo.

"Wifi," akasema, "yule mtoto alikuja kwangu na begi lake mara mbili. Mara mbili nilimrudisha kwa mumewe. Nilimwambia avumilie, ndoa ni kuvumiliana. Shavu lake lililovimba nililiona, nikajifanya sikuliona. Mara ya tatu hakuja kwangu. Nyinyi mnasema alikimbia, kama vile mnamtukana. Mimi ninachojutia ni kwamba sikumfundisha kukimbia mapema."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja vitu alivyonavyo kabatini. Kisha akanionyesha kwa kidole, akasema, "Huyu mwachieni miguu yake," akakaa.

Shangazi akainua kikombe, akanywa chai iliyokuwa imekwisha kitambo. Akakirudisha mezani, akasema, "Basi avae kitu kirefu." Nikamwambia navaa suruali ndefu siku zote. "Basi," akasema, na kikao kikafungwa hivyo, bila dua wala maazimio. Mlangoni alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake. Shangazi si mbaya. Kitanda asichokilalia hakujua kunguni wake, na jana ameoneshwa.

Leo asubuhi nimekimbia. Nimekimbia vizuri, miguu myepesi, kifua wazi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze nimelipita lori la taka likiwa linatembea. Dereva amepiga honi. Nimemkuta mlinzi wa benki amesimama, na leo, nakwambia kweli, hakutazama nyuma yangu.

Niliporudi Mama alikuwa ameshaamka, amekaa mezani. Hakuniambia haraka haraka haina baraka. Aliniuliza, "Huko mwisho unakosimama, unaona nini?" Nikamwambia reli. Akauliza, "Ndiyo iendayo kwa mdogo wako?" Nikamwambia mtu wa kuja kwako huanzia hapo. Akanimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo goti lake halijaruhusu siku nyingi. Halafu akasema nikae nikuandikie leo hii, si kesho.

Kwa hiyo hicho chumba chako kishike. Likizo ikifika nitakuja, kwa treni kama watu wengine, na nitabeba raba. Utanionyesha barabara nzuri ya asubuhi, na ukitaka utanisindikiza, hata kwa kutembea. Majirani zako wakiuliza nani ananifukuza, uwajibu wewe, mimi nimechoka kujibu.

Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema kufuli uliyomwagizia iko tayari na haina mwenzake mjini. Mjomba anakusalimu. Mama Risiti anakusalimu na kukuomba unishawishi niende hospitali. Shangazi naye, usishangae, amepiga simu mchana huu, akaulizia kifua chako, akasema nikupe salamu zake.

Barua zangu zote huwa nazifungia hapa. Leo kuna salamu moja imebaki. Mama yuko kando yangu tangu nianze kuandika. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Ameanza kusema, ameacha, ameanza tena, ameacha. Mwisho amesema, "Usimwandikie maneno mengi, atadhani ni ya kwako. Muulize tu, nikimpigia simu, atapokea?"

Nimekuandikia kama alivyosema. Nijibu hilo kwanza, mdogo wangu, mengine yote yanaweza kungoja.

Mungu akulinde, akupe afya ya kifua na usingizi mzuri.

Ni mimi dada yako akupendaye,
niliyeko nyumbani.