Baba wa Kwenye Katuni Kaharibika

Jumanne usiku, shambani

Ningenyamaza tu. Mimi siyo muongeaji, leo ndiyo nikaongea.

Tulikuwa kwenye kibanda cha video, inaonyeshwa ile katuni ya familia tunayoangalia tangu wadogo. Rafiki yangu Chacha akasema yule baba bado anachekesha. Nikakataa. Zamani alikuwa mjinga ila ana huruma, akikosea anawapikia watoto uji kuomba msamaha. Siku hizi kufoka tu, mtoto akiongea anarushiwa kiatu.

Wakawa wananisikiliza, mimi, nikanogewa. Nikasema, "Kaharibika kama mzee wangu."

Wakacheka. Halafu Chacha akaangalia mlangoni, "Shikamoo baba."

Baba alikuwa amesimama na debe lake la kufukuzia tembo, kanifuata twende tukalinde mahindi. Akaitikia marahaba, akaondoka peke yake. Nikajilaumu: mwanaume umeshatahiriwa, unamsema mzazi mbele ya rika lako!

Mwaka jana tembo walimaliza shamba lote. Ndipo baba alipoacha utani. Yule wa katuni hana tembo. Hilo sikulisema kibandani.

Nilimkuta juu ya dungu la kulindia. Nikapanda, nikakaa. Giza lilipoingia akauliza bila kuniangalia, "Huyo mtu wenu wa video, zamani alikuwaje?"

"Alikuwa anachekesha, baba."

"Haya lala. Naanza mimi."

Nikajilaza, nikafumba macho. Akavua koti lake akanifunika, polepole, akidhani nimeshalala.

Sasa ni zamu yangu, yeye anakoroma, naandika kwa tochi. Afadhali angenirushia kiatu.