Nyongeza Umeiandika Wapi?

Mama,

Nimepata ile ruzuku. Nakuambia mwanzoni kabisa kwa sababu hukupenda mtu akuzungushe. Ile ya wahadhiri wachanga wanaochunguza jinsi uchumi unavyopimwa, ile niliyonyimwa ukiwa bado hai, safari hii wamenipa. Nimekaa na barua yao wiki nzima nikitafuta wa kumwonyesha kwanza, na kila nikifikiria, ni wewe tu.

Siku niliponyimwa nilikuja kibandani kwako mtaani Huruma na viatu vyangu vya ofisi, nikaketi juu ya gunia la ndengu na kununa kama mtoto. Ukaniuliza nilikuwa nimewaandikia nini. Nikakueleza kwamba nitazunguka mitaa ya Eastlands, Nairobi, nikiandika bei ya gorogoro la nafaka, na kwamba gorogoro moja ni kilo mbili. Ulikuwa unampimia mteja. Ulijaza lile kopo mpaka likafura juu, ukalimwaga mfukoni mwake, kisha mkono wako ukarudi guniani ukamwongeza ukufi mmoja.

"Na nyongeza umeiandika wapi?"

Nilicheka, Mama. Nikasema hiyo haina kipimo.

"Haina kipimo? Hebu nikose kuweka uone vile watajua."

Ukweli ni kwamba niliona haya. Nyongeza yako niliijua tangu utotoni. Mwaka ule mvua ilipokosa hukupandisha bei hata kidogo, ulipunguza mkono. Kwanza ukufi mzima, halafu vidole vitatu, halafu ukawa unapangusa tu mdomo wa gorogoro kwa kiganja. Bei ileile, ndengu chache. Wateja walijua maisha yamepanda, lakini anayeandika bei peke yake asingejua. Ila mama wa mapacha, jirani yetu wa gorofa ya nne, huyo mkono wako haukumpungukia hata siku moja. Nilijua haya yote na sikuyaandika, kwa sababu sikutaka wasomi wajue mimi ni mtoto wa kibandani. Nisamehe.

Ulipotutoka niliandika ombi upya, na swali lako nikaliweka kwenye mstari wa kwanza. Siku ya mahojiano nilibeba gorogoro lako, lile lililobonyea ubavuni, pamoja na ndengu na mizani. Nikamwomba kila mwanajopo achote nyongeza ambayo angempa jirani yake, kisha nikapima. Hakuna wawili waliolingana. Mwenyekiti, mzee mmoja asiye na masihara, aliutazama mkono wake akasema, "Kumbe mimi ni mchoyo." Wakaangua kicheko, nami moyo ukatulia.

Jumatatu nilianza kazi, na nilianzia kibandani kwako. Siku hizi yuko dada mmoja mpole. Alinipimia gorogoro la ndengu, akapangusa mdomo, akamwaga. Mimi nikabaki nimefungua mfuko. Sikukusudia, mikono yenyewe ilizoea kungoja.

"Kuna kitu ingine, auntie?"

"Nyongeza," nikasema.

"Haki siku hizi hiyo hakuna. Gunia imepanda sana."

Sikumlaumu, naye ana watoto. Nilifungua daftari, na kwenye safu ya nyongeza nikaandika sifuri. Ndiyo namba ya kwanza ya utafiti wangu, Mama, na ilinishinda. Nililia pale pale mbele ya wateja, mwalimu mzima wa chuo kikuu. Yule dada akadhani ni bei iliyoniliza. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akazamisha mkono guniani na kuniongeza ukufi.

"Shika, auntie. Usiambie wengine."

Basi nimefuta sifuri, na mahali pake sijajua niandike nini. Nafasi ile bado iko wazi. Wewe ungejua.

Lala salama, Mama. Gorogoro lako liko mezani kwangu ofisini, na bado lina vumbi la ndengu zako.

Ni mimi, kifungua mimba wako, ambaye kwa jina langu Huruma nzima ilikuita Mama Mwende,
Mwende