Kabichi la Jumapili ya Mavuno

Mwanangu Elirehema,

Huku Sombetini hatujambo. Bustani yangu ya kwenye viroba inalisha mtaa mzima. Kabichi moja lilikua mpaka kuku wakahamia kivulini mwake. Jumapili ya mavuno nililipeleka kanisani, wazee wawili wakaliingiza kwa machela.

Kwenye mnada wa sadaka baba yako, kaka yangu, alipandisha bei mpaka wengine wakanyamaza. Unajua hatusalimiani tangu tulipogombania shamba la babu yenu kule Nkoaranga. Nikadhani anamnunulia mchungaji, kama wafanyavyo wengi. Akasema, "Mpeni mdogo wangu. Huyu tangu utoto hashibi!"

Kanisa zima likacheka. Mimi, ninayeongea kuliko redio, nikaangalia viatu vyangu.

Mpigie baba yako umwambie kabichi lilikuwa tamu. Mimi nikishika simu, maneno yananikimbia.

Baba yako mdogo,
Anaeli