Mwalimu wetu wa kubeba kuni

Jumanne, Juni 1957

Sasa likizo nitarudije nyumbani.

Huu ni mwezi wa pili tangu shule ituhamishie msituni, tusomee huku huku na kujifunza maisha ya porini. Leo mwalimu alimleta mwanamke kutoka kijiji cha chini atufundishe kubeba kuni kichwani. Alikuwa mama yangu.

Wenzangu nimewaambia kwetu ni Mbeya mjini, baba karani. Walipoicheka miguu ya mama iliyopasuka kwa baridi, nilicheka nao. Nilicheka kuliko wote.

Zamu yangu ilipofika nilijifanya sijui hata kukunja ngata ya kuweka kichwani, na mzigo nikauangusha makusudi. Tangu nina miaka sita nabeba kuni naye kwenye njia hii hii ya msituni.

Mwalimu akakasirika. "Mama, huyu mwongezee mzigo. Ni mvivu."

Mama alinitazama mara moja tu. Nikajua ananiumbua sasa hivi, na nilimchukia kabla hajafungua mdomo.

"Mwacheni, mwalimu," akasema taratibu. "Huyu hakuwa na mama wa kumfundisha."

Wote wakacheka. Ikabidi na mimi nicheke.